JE, GAIDI NI MGONJWA WA AKILI?



Jumapili moja baada ya ibada ya pili, tulipokuwa tumesimama chini ya mwarobaini tukingoja mnada wa sadaka uanze, wazee wawili walikuwa wakizungumza habari waliyoisikia redioni, kwamba watu wenye silaha wameua raia katika nchi ya mbali. Mmoja wao akatikisa kichwa, akasema, "Wale si wazima. Ni vichaa tu." Sote tuliokuwa karibu tukaitikia, maana neno hilo lilitutosha. Mnada ukaanza, kila mtu akaenda kununua kuku na mihogo yake.

Mama mmoja hakwenda mnadani. Alinifuata hadi langoni, akaniamkia, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, mwanangu anachomwa sindano kila mwezi, nanyi nyote mnajua. Sasa mkisema wauaji wale ni vichaa, basi mwanangu mnamweka wapi?" Sikuwa na jibu. Nilimwambia, "Mama, nipe muda nifikiri." Makala hii ni deni langu kwake, na namwomba Mhariri aniwie radhi ikiwa imekuwa ndefu.

Hapana budi tuanze na neno lenyewe. Katika mazungumzo yetu neno "kichaa" hufanya kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kutaja ugonjwa: mtu anasikia sauti zisizosikiwa na wengine, halali usingizi, anaamini mambo ambayo hayapo, hajitunzi tena. Kazi ya pili ni kumtaja mtu yeyote ambaye matendo yake yametushinda kuyaelewa. Mwendesha pikipiki anayekimbiza mwendo sokoni tunamwita kichaa, na mfanyabiashara anayepandisha bei ya sukari mara mbili kwa juma tunamwita kichaa. Katika utani hakuna madhara makubwa. Madhara huja pale maana ya pili inapojifanya kuwa ya kwanza, nasi tukasema: tendo hili linatisha mno, kwa hiyo aliyelitenda lazima awe mgonjwa. Ningeliikuta hoja hiyo katika daftari la mwanafunzi ningeliiwekea alama ya kosa. Ukubwa wa uovu haupimi afya ya akili, kama vile uzito wa mzigo usivyotuambia umri wa aliyeubeba.

Tuchukue jambo lililotugusa sisi wenyewe. Siku ya Ijumaa, tarehe 7 Agosti 1998, mabomu yalilipuka karibu kwa wakati mmoja kwenye balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam. Nairobi walikufa watu 213, na Dar es Salaam 11, na waliojeruhiwa walikuwa maelfu. Wengi wao walikuwa watu waliokwenda kazini tu asubuhi ile, wapita njia na makarani. Wengi wetu tulisema basi, "Ni wendawazimu waliofanya hivi."

Lakini mambo yaliyoelezwa baadaye katika mahakama ya New York hayakuwa mambo ya wendawazimu. Ilielezwa kwamba ubalozi wa Nairobi ulichunguzwa na kupigwa picha tangu mwaka 1993, yaani miaka mitano kabla ya mlipuko. Watu walipanga nyumba, wakanunua magari, wakasafiri kwa hati, wakatunza siri, wakagawana kazi kama mafundi wanavyogawana kazi za ujenzi. Mwaka 2001 wanne kati yao walitiwa hatiani na kufungwa maisha. Yeyote aliyewahi kukaa na mgonjwa wa akili aliyezidiwa anajua jinsi ilivyo vigumu kwake hata kukumbuka kunywa uji. Mtu aliye katika hali hiyo hawezi kutunza siri ya wenzake kwa miaka mitano. Na vikundi vya namna hiyo vyenyewe huwaepuka watu wasiotulia. Havifanyi hivyo kwa huruma. Huogopa kazi yao isiharibike.

Daktari mmoja wa magonjwa ya akili wa Marekani, Marc Sageman, alikusanya habari za maisha ya watu 172 wa mtandao huo, akazichapisha katika kitabu mwaka 2004. Alitafuta ugonjwa wa akili, asiupate isipokuwa kwa wachache sana. Aliwakuta watu waliosoma, wengi wameoa na wana watoto. Na alipouliza waliingiaje, aliona kwamba wengi waliingia kwa njia ya urafiki na udugu: rafiki alimleta rafiki, shemeji akamleta shemeji. Ndugu zangu, hiyo ndiyo njia ile ile ambayo wengi wetu tuliingilia kwaya. Nadhani ndiyo sababu neno "kichaa" linatupendeza. Linajenga ukuta kati yetu na wao, tusijiulize ni mambo gani vijana wetu wanaambiwa na marafiki zao, wala ni chuki gani sisi wenyewe tunaizungumza mezani mbele ya watoto.

Sasa labda mtu atauliza, daktari anajuaje nani ni mgonjwa na nani si mgonjwa? Hana kipimo cha damu kinachoonyesha wazimu. Kwanza huondoa magonjwa ya mwili yanayovuruga akili, maana malaria kali, kifafa, homa ya uti wa mgongo na pombe vinaweza kumfanya mtu aongee ovyo. Kisha huwauliza ndugu: alibadilika lini? Analala? Anakula? Anaoga? Alikuwa mtu wa namna gani kabla ya hapo? Hukaa na mgonjwa siku nyingi, akamsikiliza mara kwa mara, kwa sababu mtu anaweza kujifanya kichaa kwa saa moja, kama Daudi alivyojifanya mbele ya mfalme Akishi wa Gathi, lakini kujifanya mchana na usiku kwa majuma kadhaa si kazi rahisi. Na jambo kubwa zaidi, hutazama imani ya mtu imetoka wapi. Imani ya mgonjwa kwa kawaida ni yake peke yake. Hata jamaa zake wa karibu wanaishangaa. Imani ya gaidi, hata ikiwa ya uongo na ya kutisha, mara nyingi amefundishwa. Kuna wengine wanaoishiriki, kuna vijitabu vyake na wahubiri wake. Kumwita mgonjwa kwa sababu tu ya imani hiyo kungetulazimu kuwapeleka hospitali wote wanaoiamini.

Ugumu wa kazi hiyo ulionekana wazi huko Norway. Tarehe 22 Julai 2011 mtu mmoja aitwaye Anders Behring Breivik alilipua bomu mjini Oslo, akaua watu 8, halafu akaenda kisiwa cha Utøya walikokusanyika vijana wa chama cha siasa, akaua wengine 69, karibu wote kwa bunduki. Alisema anailinda nchi yake na Ulaya nzima dhidi ya Waislamu. Madaktari wawili wa kwanza waliomchunguza walisema ana skizofrenia, kwa hiyo hawezi kuhukumiwa kama mtu mzima wa akili. Walizingatia madai yake kwamba ni kamanda wa jeshi la siri, na maneno ya ajabu aliyoyatumia. Watu wengi walikataa maoni hayo, na mahakama ikaagiza madaktari wengine wawili wamchunguze upya. Hao walimwangalia pia kwa msaada wa watumishi waliokuwa naye gerezani kwa majuma kadhaa, wakasema hana ugonjwa huo; ana kasoro kubwa ya tabia, hasa majivuno na kutojali maisha ya wengine. Ilionekana pia kwamba baadhi ya maneno yake yaliyodhaniwa kuwa ya wazimu yalikuwa yakitumiwa na watu wengine wenye siasa kama yake.

Jambo la kushangaza ni kwamba katika kesi ile mwendesha mashtaka ndiye aliyeomba mtu yule ahesabiwe kuwa mgonjwa, na mshtakiwa mwenyewe aliomba ahesabiwe kuwa mzima. Tarehe 24 Agosti 2012 majaji watano kwa kauli moja waliamua kwamba alikuwa na akili timamu. Alipewa kifungo cha miaka 21 ambacho kinaweza kuongezwa kila akionekana bado ni hatari. Wengi wa waliofiwa waliipokea hukumu ile kwa faraja. Nimejaribu kuelewa faraja yao. Nadhani walitaka vifo vya watoto wao vihesabiwe kuwa kosa alilolitenda mtu, visihesabiwe kama kifo cha aliyepigwa na radi.

Sheria yetu nayo ina mizizi katika tukio la namna hiyo. Mwezi wa Januari 1843, mjini London, Daniel M'Naghten alimpiga risasi Edward Drummond, katibu wa Waziri Mkuu Robert Peel. Yasemekana alidhani anampiga Waziri Mkuu mwenyewe. Huyu aliamini kwamba chama kilichotawala kinamwandama usiku na mchana. Wazee wa baraza walimwona hana hatia kwa sababu ya wazimu, akawekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili mpaka alipokufa mwaka 1865. Watu walipolalamika, majaji waliulizwa waeleze kanuni, nao wakajibu kwa maneno ambayo yameenea katika nchi nyingi zilizotawaliwa na Waingereza. Kanuni yetu ya Adhabu, kifungu cha 13, imejengwa juu ya wazo hilo: je, wakati wa kutenda, ugonjwa ulimzuia mtu asielewe anachofanya, au asijue kwamba hapaswi kukifanya? Tazameni kwamba swali haliulizi tendo lilikuwa baya kiasi gani. Linauliza juu ya mtu na hali yake saa ile. Kwa sababu hiyo washtakiwa wenye mashaka ya akili hupelekwa kuchunguzwa na madaktari, na katika nchi yetu wengi wao hupelekwa Isanga, katika Hospitali ya Mirembe, Dodoma.

Lakini nisije nikawapotosha kwa kusema kwamba mambo haya mawili hayakutani kamwe. Hukutana. Mwaka 2015 watafiti wawili wa London, Emily Corner na Paul Gill, waliwalinganisha magaidi wanaotenda peke yao na wale wa vikundi. Kati ya wanaotenda peke yao, karibu mmoja katika kila watatu alikuwa na historia ya ugonjwa wa akili. Kati ya wale wa vikundi walikuwa wachache sana. Mwezi wa Desemba mwaka ule ule, katika kituo cha reli cha Leytonstone, London, mtu mmoja alimkata msafiri kwa kisu huku akipiga kelele juu ya Syria. Alikuwa mgonjwa wa skizofrenia, na majuma machache kabla ya hapo ndugu zake walikuwa wamekwisha kueleza wasiwasi wao juu ya akili yake. Mahakama ilimtia hatiani, ikampa kifungo cha maisha, na ikaagiza aanzie hospitali ili atibiwe. Hapo tunaona mtu mmoja akiwa mgonjwa na akiwa na hatia kwa pamoja. Ugonjwa ulimdhoofisha, na maneno ya chuki aliyoyakuta duniani yakaupa ugonjwa wake shabaha. Ndugu zake waliona mapema kuliko wote. Kama ningelikuwa na jambo moja tu la kuwaambia wazazi, lingekuwa hilo.

Wengine watauliza: je, daktari akisikia mgonjwa wake anataja kuua, anyamaze kwa sababu ya siri ya kazi yake? La hasha. Mwaka 1976 Mahakama Kuu ya jimbo la California iliamua kwamba mganga wa akili anayejua kwamba mgonjwa wake ni hatari kwa mtu fulani ana wajibu wa kumlinda mtu huyo, hata ikimlazimu kuvunja siri. Hilo tunaweza kulikubali, maana hatari ni ya kweli na anayetishiwa anajulikana. Lakini Uingereza ilikwenda mbele zaidi. Sheria ya mwaka 2015 iliwapa watumishi wa hospitali na walimu wa shule wajibu wa kuwaangalia watu wanaoelekea kuvutwa na ugaidi. Chama cha madaktari wa akili cha nchi hiyo kilieleza mashaka yake mwaka 2016, na mashaka hayo yana maana. Mgonjwa akijua kwamba anayemtibu anamchunguza kwa ajili ya serikali, hatasema yaliyo moyoni mwake, au hatakwenda hospitali kabisa. Naye asipokwenda hakuna atakayepona, na hakuna atakayelindwa.

Kuna hatari nyingine ya zamani, ambayo sisi Waafrika tuna sababu ya kuikumbuka. Wakubwa wamewahi kutumia jina la ugonjwa ili wasisikilize. Mwaka 1954, wakati wa vita vya Mau Mau, serikali ya kikoloni ya Kenya ilipokea taarifa ya Daktari J. C. Carothers, aliyekuwa zamani mkuu wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi. Alieleza uasi ule hasa kama msukosuko wa nafsi za watu walioacha mila zao kabla ya kushika nyingine. Suala la ardhi, ambalo kila mkulima wa Kikuyu angeweza kulieleza bila shahada ya udaktari, halikupewa uzito wake. Sisemi kwamba kila lililotendwa na wapiganaji lilikuwa jema. Nasema kwamba aliyemwita mwenzake mgonjwa amejipatia ruhusa ya kutomjibu. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilieleza majuto yake kwa mateso ya enzi ile, ikakubali kuwalipa wazee zaidi ya 5,000. Katika Urusi ya Kisovyeti nako watu waliopinga serikali walifungiwa hospitali wakiwa wazima. Nasi tunaosoma Matendo ya Mitume twajua kwamba liwali Festo alipochoka na maneno ya Paulo alimwambia kwa sauti kuu kwamba ana wazimu. Hata Bwana wetu jamaa zake walifikiri amerukwa na akili, kama Marko anavyoeleza katika sura ya tatu.

Sasa nifike kwenye deni langu mwenyewe, maana si haki kuwafundisha wengine nikaficha langu.

Mwaka ule wa 1998, miezi michache baada ya mabomu, nilikuwa mkufunzi katika chuo cha ualimu. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili, kijana mpole na hodari wa hesabu, alianza kubadilika. Nilimwona akizunguka uwanjani usiku. Nilimwona ameacha kula bwaloni. Nikasema moyoni, ni mambo ya vijana, yatapita. Kisha akaandika kwa mkaa ukutani mwa bweni maneno juu ya moto na majengo yanayoanguka, akasema redio inamtaja jina. Kikao cha wakufunzi kiliitwa. Watu walikuwa na hofu, nami nilikuwa na hofu, nikasimama nikasema, "Tusijidanganye, huyu anaweza kuwa mmoja wao." Sikuwa na sababu yoyote isipokuwa maneno ya ukutani. Lakini nilikuwa mtu wa kuheshimiwa, na neno langu likabeba kikao.

Kijana yule alifungwa kamba mbele ya wenzake. Akalala mahabusu siku tisa, bila dawa, akapigwa na wafungwa wengine kwa sababu ya kelele zake za usiku. Alipofikishwa hospitali mwishowe, daktari aliuliza swali moja: ni nani aliyekuwa karibu naye, aeleze mabadiliko yalianza lini? Hakuna aliyejibu. Mimi ningeliweza kujibu. Nilikuwa nimeyaona majuma sita kabla. Alitibiwa, akapata nafuu, lakini chuo hakikumpokea tena, na darasa alilolitamani hakuliingia kamwe. Leo ni fundi cherehani, ana mke na watoto, na tukikutana huniamkia kwa heshima kama zamani.

Nilichelewa zaidi ya miaka ishirini kumwomba msamaha. Nilipomwendea, alisimamisha cherehani yake, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwalimu, ninyi mliniogopa mimi. Lakini mimi niliwaogopa ninyi zaidi." Akanisamehe, nami namshukuru Mungu. Lakini miaka yake ya ualimu siwezi kumrudishia.

Madaktari wanatuambia kwamba wagonjwa wa akili, kwa jumla, hudhuriwa na watu mara nyingi zaidi kuliko wanavyowadhuru watu. Hufungwa minyororo, hupigwa mawe na watoto, huibiwa mali, na wanawake hunajisiwa. Mimi nilihitaji kuliona kwa macho yangu ndipo niamini.

Nimerudia kusoma habari mbili katika Agano Jipya kwa ajili ya jambo hili. Ya kwanza ni ya yule mtu wa nchi ya Wagerasi, katika Marko sura ya tano. Alikaa makaburini, watu walimfunga kwa pingu na minyororo, naye akajikata kwa mawe. Tazameni ni nani aliyekuwa akijeruhiwa: ni yeye mwenyewe. Bwana hakumhoji juu ya makosa yake. Alimponya, akampa utulivu na nguo na akili zake, akamrudisha nyumbani kwa jamaa zake. Wenyeji walipomwona amepona, waliogopa.

Ya pili ni ya Sauli. Kijana huyu alisimama akilinda nguo za waliompiga Stefano kwa mawe. Baadaye akaingia nyumba kwa nyumba akiwaburuta wanaume na wanawake, akaomba barua rasmi ili awafuate mpaka Dameski. Alikuwa na elimu, na nidhamu, na wakubwa waliomtuma. Hakuwa na wazimu hata kidogo. Bwana alipomkuta njiani hakumtendea kama alivyomtendea mtu wa makaburini. Alimwuliza swali: kwa nini? Swali hilo huulizwa mtu anayeweza kujibu. Kumwuliza ilikuwa kumheshimu kama mtu mwenye nafsi na dhamiri, na kwa mlango huo toba ikaingia. Tungalisema Sauli ni kichaa tu, tungalimwondolea hatia, na pamoja na hatia tungalimwondolea pia nafasi ya kutubu.

Basi, ndugu zangu, wako wa kuponywa na wako wa kuulizwa, na wako wachache wanaohitaji yote mawili. Kumwuliza mgonjwa kama mhalifu ni ukatili, kama nilivyofanya mimi. Kumwita mhalifu mgonjwa, bila kuchunguza, ni kuwanyima haki waliokufa, na kumnyima yeye mwenyewe toba. Kazi ya kutofautisha ni ya madaktari na mahakama, na hata wao, kama tulivyoona Norway, huweza kutofautiana. Sisi tusio na elimu yao tusiimalize kwa neno moja chini ya mwarobaini.

Lakini tunayo kazi yetu. Tukimwona kijana halali, hali, anajitenga, tukae naye mapema, twende naye zahanati, tuandike tarehe tuliyoanza kuona mabadiliko, maana daktari atatuuliza. Tukimsikia kijana mwenye afya njema anafundishwa kwamba jirani yake wa dini nyingine au kabila lingine hastahili kuishi, tusimcheke kuwa ni mwehu. Tumwulize kwa nini, tena mapema, kabla hajapata wa kumtuma. Akikusudia kumdhuru mtu kweli kweli, tuwaambie wenye mamlaka bila kusitasita. Na wale wanaotoka Mirembe wakirudi kwetu, tuwape nafasi katika benchi kanisani, na katika mnada, na katika kazi.

Kwa yule mama, jibu langu ni hili. Mama, tulikosea. Mwanao hana sehemu na wauaji wale. Sehemu yake ni pamoja nasi mezani pa Bwana, na Jumapili ijayo, akipenda, nitakaa naye benchi moja.

Bwana atupe macho ya kuona, na ulimi usiotangulia macho. Amina.

Ni mimi ndugu yenu katika Kristo,
Mwalimu mstaafu